Miguu imekaza ghafla, mama na mtoto wa nyumba moja: hii ni konzo au tutafute kingine?

tabibu_kando_ya_ziwa

Wakuu, habari za kazi. Naomba tujadili konzo, ule ugonjwa wa miguu kukaza ghafla unaotokana na sumu ya muhogo mchungu, maana vitabu vingi vya kliniki vinakipa mistari miwili tu.

Chukulia mtoto wa kike wa miaka 7 na mama yake mdogo anayenyonyesha, wanakula chungu kimoja, kijiji cha muhogo mchungu, mwaka wa ukame. Mtoto ameamka asubuhi miguu imekaza, anatembea kwa ncha za vidole na magoti yanasuguana. Siku nne baadaye mama mdogo naye yamempata, jioni baada ya kutwa nzima ya kubeba kuni. Homa hakuna. Mgongo hauumi. Mkojo na choo wanavidhibiti kama kawaida, ganzi hawana. Ukigonga goti kwa nyundo mguu unaruka mno, kulia na kushoto sawa. Ukisukuma unyayo juu kwa ghafla, kifundo kinachezacheza chenyewe mara tano sita. Eksirei ya mgongo safi, VVU hasi. MRI, yaani picha ya kina ya ubongo na mgongo, iko mbali na nauli ni shida.

Maswali yangu: Je, hapo inatosha kuandika konzo bila MRI? Steroidi na vitamini B zina faida yoyote? Na lile linaloniumiza kichwa zaidi: nyumba inayokula unga uleule leo usiku iambiwe nini? "Acheni muhogo" si ushauri mahali ambapo hakuna kingine cha kula.

---

neva_na_uti

Tabibu, kisa ulichokiandika ni konzo karibu neno kwa neno. Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vitatu mwaka 1996 na vyote vinapimika zahanati. Cha kwanza, mwendo wa kukaza unaoonekana kwa macho pande zote mbili, mtu akitembea au akikimbia. Cha pili, mtu aliyekuwa mzima, dalili zikakamilika ndani ya wiki moja, kisha zisiendelee kuwa mbaya. Cha tatu, refleksi (ule mruko wa mguu ukigongwa kwa nyundo) za magoti au vifundo zilizozidi pande zote mbili, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. MRI haimo kwenye orodha, na hata ukiipata, ya ubongo na ya mgongo kwa kawaida hutoka safi. Kwa hiyo nauli hiyo waachie wanunue dagaa.

Msisitize kukimbia. Konzo nyepesi inajificha mtu akitembea taratibu, lakini mwambie mtoto akimbie hatua ishirini utaona visigino havigusi chini na mapaja yanabanana kama mkasi. Ukienda kijijini kutafuta wengine, fanya hivyo kwa kila mtoto. Wale wepesi hawaji zahanati kamwe, familia inasema tu "huyu ana miguu mizito".

Madaraja ni matatu: anayetembea bila msaada, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea. Walio kwenye daraja la tatu wanaweza pia kuwa na usemi mzito, mikono dhaifu na shida ya macho.

Sasa vitu vinavyofanana nayo, kwa kuwa huko ndiko watu wanakopotea. TB ya mgongo: maumivu ya pingili, kibyongo, ganzi yenye mpaka unaoweza kuuchora kwenye ngozi, mkojo unaogoma. Kirusi cha HTLV-1 nacho kinakaza miguu, ila ugonjwa wake unakuja polepole, miezi na miaka, na kibofu kinaharibika mapema. Tena ni ugonjwa wa watu wazima zaidi. Kichocho cha uti wa mgongo: maumivu ya kiuno na miguu, kibofu, mara nyingi miguu inalegea badala ya kukaza. Upungufu wa vitamini B12: weka uma wa mtetemo kwenye kidole gumba cha mguu, hausikii. Kwenye konzo anausikia vizuri. Hisia zote za konzo ni nzima. Kilichoharibika ni neva zinazotoa amri ya kutembea kutoka ubongoni. Ukikuta ganzi yenye mpaka au mkojo unaogoma kutoka, usiandike konzo, peleka mbele.

Polio inalegeza, haikazi. Lakini siku za mwanzo kabisa mtoto wa konzo anaweza kuonekana dhaifu tu, na ukimkuta hivyo akiwa chini ya miaka 15, mripoti kama ulemavu wa ghafla tepetevu: sampuli mbili za kinyesi, zikipishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu aanze. Kuripoti bure hakumdhuru mtu.

Na rika lenyewe linaongea. Konzo inapenda watoto waliozidi miaka 3 na wanawake wa umri wa kuzaa, hasa wanaonyonyesha. Watoto walio bado kwenye ziwa la mama kwa kawaida hawaipati. Wagonjwa wawili wa nyumba moja ndani ya wiki moja, mwaka wa njaa, karibu inajieleza.

Steroidi: hakuna faida iliyoonyeshwa, usimpe. Vitamini B mpe kama lishe yake ni duni, ila usimwahidi mama kwamba miguu itarudi. Haidroksokobalamini, aina ya vitamini B12 ya sindano, inafunga sianidi (ndiyo sumu ya muhogo) kwa mtu aliyepata sumu kali saa hizi, anayetapika na kupumua kwa shida. Kwa konzo neva zimeshaumia. Wengi wanapata nafuu kiasi wiki na miezi ya mwanzo kisha wanabaki hapo. Akila tena unga ule anaweza kushikwa mara ya pili na kushuka daraja.

---

jikoni_kwetu

Mbona jibu la unga ni rahisi. Wasonge ugali kwa moto mkali, uchemke muda mrefu, sumu ife. Kila sumu inakufa kwa moto.

---

mkemia_wa_nafaka

@jikoni_kwetu samahani, hapo ndipo watu wanapoumia. Moto hauui sumu ya muhogo. Moto unaua kinachoiondoa.

Ndani ya muhogo kuna linamarini, ambayo peke yake imetulia tu. Kando yake, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarasi. Seli ikipasuka na maji yakiwepo, viwili hivi vinakutana, linamarini inavunjika, na mwisho wake ni gesi ya sianidi inayochemka kwenye nyuzi 26 tu. Gesi hiyo inaruka hewani yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya kukuna, kutwanga mbichi, kulowesha na kuvundika: kuvikutanisha viwili hivyo na kuipa gesi muda wa kutoka. Sasa ukimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, linamarasi inakufa ndani ya dakika chache, na linamarini, inayovumilia moto, inabaki nzima kwenye ugali. Tumboni bakteria wa utumbo wanaivunja, na sianidi inatokea ndani ya mtu.

Hapo mwili unaichukua sianidi na kuibandika salfa ili iwe thiosianeti, kisha inatoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini: samaki, mayai, maziwa, nyama, na kwa kiasi kidogo kunde na karanga. Mama anayekula ugali wa muhogo mtupu kwa kisamvu wiki sita hana akiba ya salfa. Kwa hiyo konzo inahitaji mambo mawili yakutane, sumu nyingi na protini kidogo, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ni sianidi yenyewe inayoumiza neva au ni mojawapo ya mazao yake, wataalamu bado wanabishana, lakini jikoni ubishi huo haubadilishi kitu.

Hesabu ndogo. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Huko Nampula, Msumbiji, unga wa miaka ya kawaida ulikutwa na wastani wa 40 na kitu, na miaka ya ukame ukapita 100. Mtoto wa kilo 20 akila gramu 200 za unga wa 100 kwa siku, amemeza kitu chenye uwezo wa kutoa miligramu 20, yaani miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili. Dozi inayoua ikiliwa kwa mkupuo mmoja inakadiriwa kuanzia miligramu 0.5 hadi 3.5 kwa kilo. Hafi kwa sababu si yote inavunjika na inagawanyika kutwa nzima. Lakini ona jinsi anavyotembea ukingoni kila siku.

Na kwa nini ukame? Muhogo ukikosa maji unaongeza linamarini, hata ule mnaouita mtamu. Halafu watu wana njaa, hawasubiri.

Njia ya jadi ipi inaondoa kiasi gani, hapa kuna maajabu kidogo. Makopa, yaani kumenya, kupasua na kuanika, yanabakiza asilimia 25 hadi 33 ya sumu ya mwanzo, maana vipande vinakauka kabla seli hazijapasuka vya kutosha. Kuvundika, ule udaga wa Kanda ya Ziwa, kunabakiza 12.5 hadi 16.5. Lakini muhogo uleule ukitwangwa ukiwa mbichi kisha ukaanikwa, unabaki na asilimia 1.5 hadi 3.2 tu. Jua ni lilelile, tofauti ni mchi umepita lini. Kulowesha siku tatu nne mpaka mzizi ulainike nako kunaondoa karibu yote, bora maji yawepo.

---

tabibu_kando_ya_ziwa

Asante sana mkemia. Sasa unga uko tayari ndani ya debe, umeshasagwa kutokana na makopa, na maji ya kulowesha hakuna. Wafanyeje leo?

---

mkemia_wa_nafaka

Hapo ndipo panafaa njia ya kuulowanisha unga, aliyoibuni Howard Bradbury na wenzake kule Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Inategemea jambo moja: unga wa makopa bado una linamarasi hai, imelala tu kwa kukosa maji.

Chukua beseni au sufuria, mimina unga wa mlo mmoja, usawazishe juu bila kushindilia, weka alama ya mkaa ndani ya chombo pale unga ulipofika. Mimina maji ya kawaida, ya baridi, kidogokidogo huku unachanganya kwa mkono. Utaona unga unashuka chini ya alama, kwa kuwa hewa inatoka. Usishtuke, endelea. Maji yakiendelea unapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha. Kwa mkono unga unatakiwa uwe wa kufinyangika, ukifumbata unashikamana na ukiachia haudondoki matone.

Kisha utandaze kwenye ungo, mkeka au turubai safi, unene usizidi sentimita 1, kama urefu wa kucha ya kidole kidogo. Vunja mabonge. Uuache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, mahali hewa inapita. Baada ya hapo unasongwa ugali siku hiyohiyo kwa maji ya moto kama kawaida. Sumu inashuka mara tatu hadi sita. Unga wa 100 unaingia kati ya 17 na 33. Haujafika 10, lakini hatari imepungua sana, hasa mlo ukiwa na protini.

Yanayoharibu kazi ninayajua kwa majina. Maji mengi mpaka ukawa uji: gesi inabaki majini. Tabaka nene la sentimita tatu nne: juu pamepoa, katikati sumu iko palepale. Kufunika kwa kitambaa kizito kuzuia vumbi: umeifunikia gesi. Kutumia maji ya moto ili "kuharakisha": umeua kimeng'enya. Kulowanisha leo na kupika kesho: unachacha na kuota ukungu. La mwisho ni la kibinadamu, mama anafanya siku tatu halafu mvua au msiba vinaingia. Kivuli cha saa 5 barazani kinatosha, jua si sharti.

Kijiji cha Kay Kalenda, eneo la afya la Popokabaka, Kongo, wanawake walifundishwa njia hii wakaitumia, na wagonjwa wapya wakakoma katika kipindi walichofuatiliwa. Wenyewe walisifu ugali kwa kutokuwa na uchungu, na kwa maoni yangu ladha ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko semina.

---

lishe_na_afya_ya_jamii

Niongeze upande wa kijiji.

Mahali pote konzo ilipolipuka, ukichimba unakuta hatua iliyokatwa. Iliandikwa mara ya kwanza na daktari wa Kiitaliano Giovanni Trolli mwaka 1938, kutoka Kwango huko Kongo, na jina ni la Wayaka, kabila la huko, lina maana ya miguu iliyofungwa. Nampula mwaka 1981 ukame ulileta wagonjwa zaidi ya 1,000, wenyeji wakaiita mantakassa. Hans Rosling, aliyekuja kujulikana duniani kwa takwimu, alikuwa daktari kule Nacala na akashiriki kuichunguza. Tarime ilikuwa 1985, ukame tena, njia za mkato tena. Lakini Bandundu, huko Kongo, haikuwa njaa tupu: barabara ya Kinshasa ilifunguka, muhogo ukawa fedha, na kulowesha kwa siku tatu kukafupishwa kukawa siku moja au mbili ili gunia liwahi lori. Kwa hiyo ukihoji familia usiulize "mnakula muhogo?" Jibu unalijua. Uliza: toka kung'oa hadi kusonga ni siku ngapi? Mwaka jana zilikuwa ngapi? Nani alibadilisha, na kwa nini? Uliza pia kama kuna watu wanaolewa muhogo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya kula. Hao ni kengele.

Aliye karibu na maji alowesheni kwa kipimo cha kidole: mzizi usipobonyea, usiutoe, hata kama siku tatu zimepita. Kwenye baridi unachelewa.

Kisamvu nacho kina sumu. Majani yana linamarasi nyingi, kwa hiyo yatwangwe mabichi mpaka yalainike kabisa, yaachwe yametandazwa kwanza, yaoshwe, ndipo yapikwe. Kuchemsha majani mazima ni kosa lilelile la ugali.

Kama kuna mahindi au mtama hata kidogo, changanyeni unga nusu kwa nusu. Nusu ya sumu imeondoka bila ufundi wowote. Dagaa waliopondwa kijiko kimoja kikubwa kwa mtoto kila siku. Na chumvi iwe yenye madini joto, maana thiosianeti inazuia tezi ya shingo kuchukua ayodini, na rovu linakuja nyuma ya konzo.

Msiwaambie wakulima waache muhogo mchungu. Wanaupanda kwa akili zao timamu: nguruwe, nyani na wezi wanauogopa.

---

maabara_ndogo

Kuhusu kipimo kisichohitaji hospitali ya kanda, vipo viwili, vyote vya karatasi na chupa.

Cha unga: miligramu 100 za unga kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye kimeng'enya, mililita 1 ya maji, juu yake unaning'iniza karatasi ya njano yenye pikreti, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sianidi, unafunga kizibo. Baada ya saa 16 hadi 24 kwenye joto la kawaida la chumba karatasi inakuwa ya kahawia kadiri ya sumu, unalinganisha na chati ya rangi inayoanzia 0 hadi miligramu 800 kwa kilo. Makosa mawili: karatasi kugusa maji, na kizibo kilicholegea. Yote mawili yanakupa jibu la uongo la "unga salama". Weka kila siku kichupa kimoja kisicho na unga kabisa. Kikibadilika rangi, tupa matokeo yote ya siku hiyo.

Cha mkojo kinapima thiosianeti. Mtoto akizidi mikromoli 350 kwa lita anahesabiwa yuko hatarini kupata konzo. Lakini mvutaji sigara anapanda bila muhogo wowote, kwa hiyo pima watoto wa shule, si baba zao. Na usikitumie kuthibitisha mgonjwa mmoja: aliyekuja wiki sita baada ya kupooza, akiwa ameshabadilisha chakula, mkojo wake utakuwa umeshuka na konzo yake iko palepale.

---

mazoezi_ya_viungo

Mmewasahau wenyewe wawili. Mtoto wa miaka 7 anayetembea kwa vidole asipofanyiwa kitu, kano ya kisigino inafupika, na ulemavu wa kano unajengwa juu ya ulemavu wa neva.

Kila siku mara mbili: mtoto alale chali, goti limenyooka, mlezi ashike kisigino kwenye kiganja, unyayo ulale juu ya mkono wake, asukume taratibu kuelekea goti mpaka ahisi ukinzani, ahesabu hadi thelathini, aachie. Mara tano kila mguu. Asisukume kwa ghafla, kifundo kitaanza kuchezacheza na misuli itakaza zaidi. Kisha mapaja: akae chini, miguu imetanuka kama inayokumbatia kinu, atanue magoti, mlezi ashikilie hivyohivyo. Usiku kibanzi cha ubao kilichofungwa kitambaa kishike unyayo wima. Fimbo mpeni mapema, mbili kama mwendo unayumba, urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono, ili kiwiko kikunjike kidogo akiishika. Kano ikishakuwa fupi kiasi kwamba kisigino hakifiki chini hata kwa mkono, upasuaji wa kuirefusha unasaidia, na kwa konzo unasaidia vizuri kwa sababu ugonjwa hauendelei.

Tena, msimwangalie miguu tu. Utafiti uliofanyika Kahemba, Kongo, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watoto akili na ustadi wa mikono: wenye konzo walikuwa nyuma, na hata wasio na konzo wa eneo lilelile walikuwa nyuma ya watoto wa eneo lisilo na ugonjwa. Mwalimu wake aambiwe.

---

tabibu_kando_ya_ziwa

Nimeandika yote. Swali la mwisho kwa mkemia: unga wa udaga nao ulowanishwe?

---

mkemia_wa_nafaka

Hauna faida kubwa kama ya makopa. Udaga umechacha, ni mchachu, na kwenye uchachu linamarasi inafanya kazi kwa shida. Kinachobaki humo zaidi ni kitu cha katikati, sianohidrini, ambacho kinatulia penye uchachu na kuondoka kwa kukaushwa vizuri. Kwa hiyo udaga uanikeni kwa tabaka jembamba mpaka kipande kikivunjwa kilie "ka!", ndipo usagwe. Ukipinda bila kuvunjika, urudi juani.